Taa ya tangi la samaki: kabla hujatoa hela, jua unammulikia nani

Kuhe Mkubwa (mwanzisha uzi):

Wakuu salamu. Wa nyumbani Kigoma, mwakeye.

Nafungua uzi huu kwa sababu swali ni lile lile kila siku: "Nina tangi la futi tatu, niweke taa ya vati ngapi?" Ukimjibu mtu "ishirini" anaondoka ameridhika, halafu baada ya muda anarudi na picha ya maji ya kijani, samaki hata haonekani. Vati ni kitu cha mwisho kuuliza. Cha kwanza ni hiki: humo ndani unammulikia nani?

Samaki mwenyewe hana makuu. Anataka aone chakula chake, na anataka mchana na usiku vipishane kila siku kwa saa zilezile. Mwanga wa sebule unaokutosha wewe kusoma gazeti unamtosha na yeye. Wanaoishi kwa mwanga ni mimea, pamoja na mgeni asiyealikwa, yaani mwani, ule utando wa kijani au wa kahawia unaoganda kwenye kioo. Halafu uko wewe na wageni wako mnaotaka kuona rangi. Kwa hiyo mwenye samaki na mawe tu ananunua taa ya macho yake, na hapo taa ya kawaida ya duka la vifaa vya umeme inamaliza kazi. Mwenye mimea ndiye inabidi apige hesabu.

Tuje kwenye boksi. Limeandikwa vati, lumeni, na namba yenye K mwishoni. Vati inakuambia LUKU yako itakavyoliwa, basi. Lumeni ni kiasi cha mwanga unaotoka kwenye taa. Balbu ya zamani ya waya ilikuwa inatoa lumeni kama 15 kwa kila vati, kilichobaki chote joto. Tyubu za floresenti zinatoa 60 hadi 100. LED za sasa nyingi zinapita 80, na zilizotengenezwa vizuri zinapita 100. Ile kanuni ya kuhesabu vati kwa kila lita ya maji, ambayo bado inazunguka mitandaoni, ilitungwa enzi za tyubu. Ukiibebesha LED ya leo unaweza kumwaga mwanga kuliko unavyotakiwa, na wa kwanza kushukuru atakuwa mwani.

Lumeni ni afadhali kidogo, ila nayo imepimwa kwa jicho la binadamu. Jicho letu linaona vizuri zaidi kijani kinachoelekea njano, karibu na urefu wa wimbi wa nanomita 555, kwa hiyo taa yenye kijani kingi inajizolea lumeni. Mmea unatumia mwanga wa kuanzia nanomita 400 hadi 700, na unaipenda sana buluu na nyekundu ambazo jicho letu linaziona hafifu. Kumpimia mmea kwa lumeni ni kumpimia ng'ombe majani kwa kuonja wewe.

Ndiyo maana wafugaji wa mimea ya majini wanatumia kipimo kinaitwa PAR. Zinahesabiwa chembe za mwanga zinazotua kwenye mita mraba moja kila sekunde, na hesabu inatolewa kwa maikromoli. Mimea isiyo na makuu kama Anubias inaridhika na maikromoli 15 hadi 30 pale ilipokaa. Mimea ya kati inataka 30 hadi 80. Ukipanda zaidi ya hapo umeingia kwenye mimea myekundu na ile inayotandaa chini kama zulia, na huko huendi na taa peke yake. Lazima uongeze hewa ya ukaa na mbolea, la sivyo mwanga wa ziada haumsaidii mmea, unamsaidia mwani. Na mtu akikuuzia taa kwa kutaja PAR bila kusema imepimwa umbali gani kutoka kwenye taa, namba hiyo haina kazi. Karibu na taa kila taa ina PAR kubwa.

Hapo kwenye umbali pana kitu watu wanakikosea. Wanasema maji yanameza mwanga. Ziwani ni kweli, maana kina kinahesabiwa kwa mita. Kwenye tangi la sentimita 45 maji masafi hayamezi kiasi cha kukutisha. Kinachoupunguza mwanga ni kusambaa. Taa ndogo ya nukta moja ukiisogeza umbali mara mbili, mwanga unaofika unabaki robo. Taa ndefu inayolingana na urefu wa tangi haipungui kwa kasi hiyo, na kuta za kioo zenyewe zinaurudisha mwanga mwingi ndani. Tangi refu la futi tatu likipewa taa moja fupi katikati, pembeni patakuwa giza hata boksi liseme lumeni elfu tatu.

Na kabla hujailaumu taa, angalia kioo cha kufunikia. Maji yetu ya Ziwa Tanganyika ni magumu, yana madini mengi na pH yake inakaribia 9. Matone yanayorushwa na pampu yanakauka kwenye kifuniko, yanaacha viduara vyeupe vya chokaa, kimoja juu ya kingine, mpaka ukipitisha kidole unasikia kukwaruza. Kata ndimu, sugua upande wa ndani kwa nusu yake, acha dakika chache, suuza kwa maji matupu. Kuna watu wanabadilisha taa wakati shida ni ndimu moja.

Namba ya K ni Kelvini, inaeleza weupe wa taa. 2700 hadi 3000 ni ile njano ya chumbani. 6500 inakaribia mwanga wa mchana. 10000 ni weupe unaovuta kwenye ubuluu. Mmea unakua chini ya zote tatu kama mwanga unatosha, msidanganywe. Tofauti ni ya macho: chini ya taa ya njano maji yanaonekana ya chai, na samaki wa buluu anakuwa wa kijivu. Balbu na tyubu nyingi "nyeupe" za madukani kwetu ni 6500, kwa hiyo hapo tuna nafuu. Kama boksi limeandikwa pia CRI au Ra, chukua yenye 80 kwenda juu, na ukipata 90 usiiache. Hiyo inapima taa inavyoonyesha rangi ilivyo kweli. Taa yenye CRI ndogo inamfanya samaki mwekundu aonekane wa matofali.

Sisi wa huku mfano tunao mlangoni. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 pale lilipozama zaidi, na siku maji yakitulia unaona chini kwa mita nyingi tu. Nyekundu ndiyo inayomezwa kwanza, ndani ya mita chache za mwanzo, buluu ndiyo inayoshuka mbali. Sasa angalia samaki wake wanapoishi. Tropheus wanakaa kwenye mawe ya kina kifupi ambapo jua linapiga, wanakwangua utando wa mwani kutwa. Hao ukiwapa taa yenye nguvu na mawe yakaota kijani, hujaharibu kitu, umewawekea malisho. Cyphotilapia, yule mwenye nundu kichwani na mistari mipana, anaishi chini zaidi, mara nyingi zaidi ya mita 10, hata 30 na kuendelea. Huyo ukimpigia taa za uwanja wa mpira anajibana nyuma ya jiwe na rangi inapauka. Yeye mpe mwanga mdogo unaovuta kwenye ubuluu utamwona anatembea. Mtu anayewachanganya hao wawili kwenye tangi moja ana matatizo mengine, taa haitamsaidia.

Mwisho ni saa. Kwangu mimi saa zina uzito kuliko nguvu ya taa. Huku tuko karibu nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, mchana ni kama saa 12 mwaka mzima, na watu wanadhani tangi nalo liwake saa 12. Si lazima. Tangi jipya anza na saa 6. Mimea ikishika, nenda 8. Kumi ni mwisho. Na ziwe mfululizo, muda uleule kila siku, si leo umewasha ukitoka kazini kesho umewasha alfajiri.

Ulizeni, nipo.

Bint Ujiji:

Kaka shikamoo, uzi mzuri. Ila mimi nimekwama mwanzoni kabisa. Unasema samaki hana makuu na taa. Mbona dagaa wetu wanaifuata taa mpaka wanajileta kwenye wavu wenyewe? Mimi nilikuwa nawawashia wangu wa mawe na magamba ya konokono usiku kucha nikijua ndiyo raha yao.

Kuhe Mkubwa:

Marahaba dada. Swali zuri, na wa Kigoma ndiye wa kuliuliza.

Dagaa ni samaki wa maji ya wazi. Usiku vijidudu wanavyovila vinapanda juu, na vingine vinakusanyika kwenye mwanga. Dagaa nao wanavutwa, migebuka wanakuja kuwafuata dagaa. Ndiyo maana kazi inakuwa nzuri usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kubwa mitumbwi mingi inapumzika, kwa sababu mwezi umeumulika uso wote wa maji na taa ya mvuvi haina tena la kumwonyesha dagaa. Kwa hiyo kuvutwa na taa si sawa na kustareheshwa nayo. Yule anavutwa na mwishowe anakaangwa.

Wako ni wa mawe na magamba, si dagaa. Wale usiku wanaingia mafichoni na kutulia. Samaki hawa hawana kope za kufumba, taa ikiwaka usiku kucha hawana pa kukimbilia. Utaona wanajisugua ovyo, wanagombana, hawali vizuri. Zima. Tena usizime na kuwasha ghafla chumba kikiwa giza totoro. Washa kwanza taa ya chumba, subiri kidogo, ndiyo uwashe ya tangi. Wanaoshtuka wanaruka, na kama hujafunika tangi utawaokota sakafuni.

Mzee wa Karabai:

Vijana, niongeze neno. Sisi tumevua na karabai za mafuta ya taa kabla hizi LED za betri hazijaingia. Jambo moja tulilijua bila shule: taa ukiielekeza wima inazama, ukiilaza inateleza juu ya maji inaondoka. Kwenye matangi yenu naona mtu anaegesha taa ukutani, inamulika kwa ubavu, halafu analalamika chini giza. Ining'inizeni juu, itazame chini.

Kuhe Mkubwa:

Shikamoo mzee. Hilo lina hesabu kabisa: mwanga ukishuka wima, uso wa maji unarudisha kama asilimia 2 tu. Ukiulaza sana, sehemu kubwa inarudi hewani. Wima ndiyo mpango.

Nyuki wa Tabora:

Mwangaluka wakuu. Niwe mkweli, sisi huku hatuna ziwa, tuna asali. Nina samaki wa dhahabu watatu, tangi la futi mbili, liko dirishani maana mke wangu alitaka lionekane na wapita njia. Taa nawasha asubuhi nazima taarifa ya habari ikiisha. Maji yamekuwa kijani kama supu ya mchicha. Nikibadilisha, siku mbili tu yamerudi. Dukani nimeambiwa ninunue taa yenye nguvu zaidi "iue vijidudu". Ninunue?

Kuhe Mkubwa:

Usinunue kitu mkuu! Aliyekuambia hivyo anataka kukuuzia taa.

Hicho kijani ni mwani wa chembe mojamoja unaoelea. Unakula vitu viwili: mwanga na uchafu wa chakula na kinyesi ulioyeyuka majini. Wewe unampa vyote. Jua la dirishani peke yake lina nguvu kuliko taa yoyote utakayopata hapo mjini, na juu yake unaongeza saa kumi na nne za taa. Ndiyo maana kubadilisha maji hakusaidii, umepunguza tu mbegu na shamba umeliacha.

Hamisha tangi. Kama shemeji hakubali, bandika karatasi nyeusi au kadibodi nyuma, upande wa dirisha, jua lisipenye hata kamstari. Badilisha maji kiasi cha theluthi, kisha funika tangi zima kwa shuka zito siku tatu au nne, taa imezimwa kabisa, pampu ya hewa ikiendelea. Usilishe siku hizo, au lisha punje chache. Samaki wa dhahabu mwenye afya hafi kwa hilo. Ukifunua, badilisha maji tena kwa sababu mwani uliokufa unaoza humo humo, halafu taa iwe saa 6. Samaki wa dhahabu wanakula kama wako harusini, chujio lazima liwe la maana, na watatu kwenye futi mbili ni wengi. Ila hilo ni la uzi mwingine.

Nyuki wa Tabora:

Juu ya dirisha nitapigana vita vya ndani. Ya shuka nimeipata.

Muuza Mapezi:

Mkuu Kuhe unatuharibia biashara bila sababu. Zile LED za zambarau, zenye nyekundu na buluu tupu, zimethibitishwa zinakuza mimea. Wewe mwenyewe umesema mmea unapenda buluu na nyekundu. Sasa kwa nini unawaambia watu wanunue taa ya ukumbini?

Kuhe Mkubwa:

Sijasema hazikuzi. Zinakuza. Zilitengenezwa kwa mabanda ya mboga ambako hakuna mtu anayekaa kutazama. Weka kwenye tangi uone: samaki wote wanakuwa rangi moja ya ajabu, mmea wa kijani unaonekana mweusi, na chumba kizima kinafanana na baa ya njiani. LED nyeupe kwa ndani ni chipu ya buluu ya kama nanomita 450 iliyopakwa dawa ya njano inayogeuza sehemu ya buluu hiyo kuwa kijani, njano na nyekundu. Kwa hiyo buluu ipo ndani yake, nyekundu ipo, na kijani pia mmea unakitumia, tena kinapenya mpaka majani ya chini. Mtu akitaka kuchanganya, aweke nyeupe mbili na ya zambarau moja ndogo. Kuuza uza mkuu, ila usimwambie mteja kwamba nyeupe haikuzi kitu.

Muuza Mapezi:

Hapo kwenye baa ya njiani umenichekesha. Haya, ninazo na nyeupe, karibuni.

Mwalimu Chaki:

Wadau, kipimo cha PAR kinauzwa bei ya pikipiki chakavu. Ila simu nyingi zina kihisi cha mwanga juu ya kioo, pembeni ya kamera ya mbele, ndicho kinachopunguza mwangaza wa simu yenyewe. Kuna programu za bure zinasoma kihisi hicho na kutoa laksi, yaani kipimo cha mwanga unaotua mahali. Chukua laksi, gawa kwa 70 hivi kama taa yako ni LED nyeupe, unapata makadirio ya maikromoli. Kwa jua unagawa kwa 54. Laksi 3500 chini ya LED ni kama maikromoli 50, mimea ya kati inakuwa raha mustarehe.

Pima tangi likiwa tupu, simu imelala chali chini kabisa, kihisi kikitazama taa. Pima katikati, pima na kona zote. Kwenye tangi langu kona zilikuwa chini ya nusu ya katikati, ndipo nikaelewa kwa nini majani ya pembeni yanarefuka kutafuta mwanga. Kwa taa za zambarau njia hii haifai, kihisi kinafuata jicho la mtu.

Kuhe Mkubwa:

Mwalimu umemaliza. Ni makadirio, lakini yanatosha kukuzuia usitupe hela.

Fundi Ngazi:

Mimi ni fundi umeme, niseme ya upande wangu kabla hamjauana.

Taa ya juu ya maji inapigwa na mvuke na matone kila siku. Angalia herufi IP kwenye boksi. IP65 inahimili maji ya kurushwa, hiyo inatosha kuning'inia juu. IP67 inahimili kuzamishwa kina cha mita moja kwa nusu saa. Balbu ya kawaida ya chumbani haina ulinzi wowote, usiifungie ndani ya kifuniko cha tangi. Kwanza joto linaiua mapema, pili kutu inakula kichwa chake.

Waya wa taa usishuke moja kwa moja kutoka kwenye tangi kwenda kwenye soketi. Uache ulegee, ushuke chini kuliko soketi kisha upande. Tone likifuata waya litaangukia sakafuni, halitaingia kwenye umeme. Nimeona soketi za ukutani zilizoungua kwa sababu hii tu. Na kama nyumba yako haina ile swichi kuu inayokata yenyewe umeme ukivuja, weka. Kabla ya kutia mkono majini, chomoa.

Mwenye fremu za zamani za tyubu: LED tyubu hazifungwi zote kwa namna moja. Nyingine zinakuja na starta yake maalum unayoiweka badala ya ile ya zamani, nyingine zinataka choki iondolewe na umeme uende moja kwa moja. Karatasi ya ndani ya boksi inaonyesha mchoro. Ukikosea hapo unaunguza taa au unajipiga shoti, muite mtu.

Bint Ujiji:

Fundi umenitisha, naenda kuangalia waya wangu sasa hivi.

Mama Pacha:

Hodi. Mimi niko kijijini, Uvinza, umeme wangu ni wa sola. Nina betri ya volti 12, Ah 18. Nimepewa tangi dogo na mdogo wangu na samaki wa magamba ndani. Taa itaweza? Na umeme wa kawaida ukikatika huko mjini nyie mnafanyaje?

Kuhe Mkubwa:

Karibu mama. Taa inaweza, lakini tuanze na pampu ya hewa. Taa ikizimika siku mbili hakuna samaki atakayekufa. Pampu na chujio vikizimika kwa saa nyingi, tangi lenye samaki wengi linaweza kuisha hewa. Kwa hiyo hesabu ya betri inaanzia kwenye pampu, inayobaki ndiyo ya taa. Huku mjini umeme ukikatika tunafanya vivyo hivyo: betri inasukuma pampu, taa inasubiri.

Betri yako ni volti 12 mara Ah 18, kama vatisaa 216, lakini hizi za asidi usizishushe chini ya nusu, zinakufa mapema. Chukulia una 108. Taa ya LED ya volti 12, vati 5, kwa saa 8 inakula 40. Pampu ndogo ya vati 2 saa 24 inakula 48. Jumla 88, umebaki ndani ya mpaka, tena mchana paneli inakuwa inasaidia. Tumia taa za volti 12 moja kwa moja, usipitishe kwenye inveta, inakula bure. Mkanda wa LED ununue ule uliopakwa plastiki ya kuzuia maji na uubandike kwenye ubati wa aluminiamu upoe, gundi yake peke yake haitakaa.

Mama Pacha:

Asante sana. Samaki wenyewe ni wadogo mno, mistari midogomidogo, kila mmoja na gamba lake. Wanataka mwanga gani?

Kuhe Mkubwa:

Hao watakuwa Neolamprologus multifasciatus, au ndugu yao wa karibu. Ni kati ya samaki wadogo kabisa wa jamii yao duniani, dume mkubwa ni sentimita 4 na kidogo. Kwao ni magamba matupu ya konokono Neothauma chini ya ziwa. Mwanga wa wastani unawatosha. Kama taa yako ni ya nukta moja badala ya ndefu, utaona mawimbi ya mwanga yanacheza kwenye mchanga maji yakitikisika, na wao wanachimba katikati yake mchana kutwa. Tyubu haitoi hicho kitu. Nyuma panda Vallisneria, yale majani marefu kama utepe. Hayo yanapatikana ziwani kwetu, maji magumu hayayasumbui.

Na kwa wote: msiende kuvua samaki wa mapambo ndani ya mipaka ya Gombe au Mahale, ile ni hifadhi. Sehemu nyingine muoneni afisa uvuvi kwanza kuhusu kibali. Na samaki wa dukani aliyekuchosha usimtupe ziwani.

Kijana wa Mwanga:

Bro nimesoma yote, sasa nipe la kununua. Futi tatu, kina sentimita 45, mawe, magamba, Vallisneria nyuma. Hela sina nyingi.

Kuhe Mkubwa:

Taa mbili za mulika za LED, zile bapa za kuwekwa nje ya nyumba, vati 10 kila moja, K 6500, IP65. Zining'inize kwa mnyororo kama sentimita 25 juu ya maji, moja theluthi ya tangi kutoka kushoto, nyingine theluthi kutoka kulia, zikitazama chini. Saa 8 kwa siku, jumla vati 20, mwezi mzima ni kama uniti 5. Pima kwa simu kama alivyosema Mwalimu. Ikizidi, pandisha mnyororo, ikipungua shusha. Ndiyo uzuri wa mnyororo, huhitaji kubadilisha taa. Vallisneria ikianza kusambaza watoto chini ya mchanga jua imetosha. Vumbi la kahawia kwenye mawe wiki za mwanzo lisikutishe, tangi jipya lote linapitia hapo, linafutika kwa kitambaa.

Kijana wa Mwanga:

Na taima? Nimeona ile ya kuzungusha yenye vipini vidogo pembeni, na ile ya kioo cha namba.

Kuhe Mkubwa:

Ya kuzungusha ni bei ndogo na haiharibiki ovyo, ila inaendeshwa na umeme wa ukutani. Umeme ukikatika kwa muda wa saa tatu, nayo inasimama muda huohuo, kwa hiyo taa itaanza kuwaka saa tatu nyuma ya muda, na ukikatika tena inazidi kuchelewa. Usipoangalia utakuta tangi linawaka saa nane za usiku. Ya namba ina betri ndani inayotunza saa. Kwa umeme wetu chukua ya namba. Ukichukua ya kuzungusha, kila umeme ukirudi izungushe ilingane na saa yako.

Kijana wa Mwanga:

Poa bro. Jumamosi napita sokoni, picha nitaleta maji yakishakuwa safi.